Mngurumo Si Nguvu: Hasara Iliyojificha Katika Eksozi Zinazokatwa Tabata

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

WAKAZI wa Tabata wanaufahamu mlio huo. Saa nne za usiku, bodaboda inapotoka Barakuda kuelekea Segerea, mngurumo wake hutangulia kabla taa haijaonekana, na watoto waliokwisha kulala hushtuka. Pikipiki yenyewe mara nyingi ni ya ujazo wa sentimita 125 au 150 tu, chombo kilichotoka kiwandani kikiwa na sauti ya wastani. Kelele hiyo imetengenezwa mtaani kwa msumeno: eksozi imekatwa au kutobolewa ili, kama inavyoaminika vijiweni, injini ipate kupumua na kuongeza kasi.

Mjadala kuhusu jambo hili huishia kwenye adabu ya vijana na ukali wa sheria. Hayo yana uzito wake, lakini liko swali linaloachwa kando: je, ni kweli pikipiki hiyo imeongezeka nguvu? Jibu lake linamgusa dereva kuliko hata jirani anayekosa usingizi.

Injini ya petroli hufanya kazi kwa mizani. Kila gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Hewa hupita kwenye chujio, hukutana na mafuta katika kabureta, mchanganyiko huungua ndani ya silinda, kisha moshi hutoka kwa eksozi. Sehemu hizo tatu, yaani chujio, kabureta na eksozi, zimepimwa kwa pamoja. Hata wanamichezo wa nchi za nje wanaoshindana kwa pikipiki za magurudumu manne, ambao hubadili eksozi kwa makusudi ya kupata nguvu, hawaishii hapo. Hurekebisha pia njia ya hewa, wakabadili jeti za kabureta, kisha wakachunguza rangi ya plagi kuona kama mizani imerudi.

Kinachofanyika katika vijiwe vingi ni nusu ya kazi hiyo. Eksozi hufunguliwa, pengine chujio nalo huondolewa, lakini kabureta huachwa ilivyo. Hewa ikizidi mafuta, injini huchemka kupita kiasi, plagi hupauka, na vali ya kutolea moshi huweza kuungua. Fundi akijaribu kusahihisha kwa kuongeza mafuta bila kipimo, plagi hujaa masizi, moshi mweusi hutoka na petroli huisha upesi. Palipokosekana chujio, vumbi la barabara za ndani za Kimanga na Kinyerezi huingia moja kwa moja kwenye silinda na kusaga ringi za pistoni, hadi injini ianze kula oili.

Hapa ndipo hasara inapojificha. Madereva wengi huendesha kwa mkataba: hupeleka hesabu kwa mwenye chombo hadi muda ukamilike, ndipo pikipiki iwe mali yao. Injini iliyosagika kabla ya siku hiyo humwachia kijana urithi uliokwisha kuchakaa. Petroli inayopotea kila siku nayo hutoka katika kile kinachobaki baada ya hesabu.

Wapo madereva wanaosema kelele huwalinda, kwa kuwa wenye magari huwasikia. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa, maana barabarani wao ndio dhaifu. Hata hivyo, mdomo wa eksozi huelekea nyuma, na dereva wa lori aliye mbele, madirisha yakiwa yamefungwa, huchelewa kuusikia. Taa inayowaka, koti la kuakisi mwanga na mwendo wa kiasi humlinda mwendesha bodaboda zaidi.

Kwa upande wa haki za wakazi, Tabata ina historia yake. Katika shauri la madai Na. 299 la mwaka 1988, wakazi wa eneo hilo waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kutokana na moshi na harufu ya dampo la taka, wakashinda. Halmashauri ilipoomba kuongezewa muda wa kuendelea kulitumia, Jaji Lugakingira alikataa, akiegemea haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Haki waliyoidai wakazi mbele ya chombo cha umma inapaswa kuheshimiwa pia baina ya jirani na jirani. Leo ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo.

Sheria ni ya lazima, ila pikipiki iliyokamatwa leo yaweza kukatwa eksozi tena wiki ijayo iwapo fundi na imani yake wamebaki walewale. VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Mafundi wa vijiweni wanafaa kuwa miongoni mwa wanufaika wake wa kwanza. Wamiliki nao waweza kuandika katika mkataba kwamba eksozi na chujio visiguswe, na viongozi wa vijiwe wakasimamia.

Dereva anayetaka nguvu anayo njia ya gharama nafuu: chujio safi, plagi nzima, vali zilizopimwa, jeti za ukubwa wa kiwandani, mnyororo uliokazwa sawasawa na upepo wa kutosha kwenye matairi. Pikipiki iliyotunzwa hivyo hupanda kilima na abiria wake bila kumwamsha mtu, na siku mkataba unapokamilika, kijana hukabidhiwa chombo ambacho bado kinaweza kumlisha.