Kichwa cha Ghafula Hakingoji Asubuhi



Siku chache zilizopita nilipokea ujumbe wa binti mmoja wa Majengo, Pumwani, ambaye wazee wake walihamia Nairobi kutoka Mombasa. Mama yake alikuwa akikuna nazi baada ya alasiri, mara akapiga ukelele na kushika kisogo. Alitapika, shingo ikakakamaa, mwanga ukamuudhi. Jirani mmoja alimpa vidonge vya maumivu. Mwengine akasema ni kijicho, akaletewa kombe. Alifikishwa hospitali asubuhi ya pili. Skani ilionyesha damu imevuja kuuzunguka ubongo, na picha ya mishipa ikaonyesha ateri iliyotuna kama puto dogo.

“Madaktari wanataka kuliziba kwa nyaya,” aliandika, “lakini wajomba wanasema tuwangoje hadi Ijumaa, maana mama hatapasuliwa kichwa bila ya wao. Nifanyeje?”

Sikungoja siku ya kuchapwa. Nilimpigia simu saa ile ile, nikamwuliza kama mama ana fahamu. Akasema anazungumza. Basi mwenye kichwa ndiye wa kuulizwa kwanza, nikamwambia. Kisha nikaomba kusema na mjomba mkubwa. Niliyomweleza nayaandika hapa kwa faida ya kila nyumba.

Watu wazima wapatao 3 katika kila 100 wana uvimbe wa namna hii, na wengi wao huishi umri wao wote bila ya kuujua. Shinikizo la damu na uvutaji wa sigara huuzidishia hatari. Ukishapasuka, tundu huzibwa na bonge dhaifu la damu tu. Laweza kufumuka tena wakati wowote, zaidi katika siku ya kwanza, na mvujo wa pili huua wengi kuliko wa kwanza. Kungoja Ijumaa nako ni uamuzi.

Ama kichwa, hakipasuliwi. Mgonjwa hupewa nusukaputi, mrija mwembamba ukaingizwa katika ateri ya kinena au ya kifundo cha mkono, ukaongozwa kwa picha za eksirei hadi ubongoni. Ndani yake hupitishwa uzi laini wa platinamu unaojikunja ndani ya puto. Umeme mdogo huukata, ukafuatwa na mwengine, mpaka puto lijae na damu iliyomo igande. Njia hii ilibuniwa na daktari Guido Guglielmi, Mtaliana aliyekuwa Los Angeles, na mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1990. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 2,143 ambao mvujo wao uliweza kutibiwa kwa njia zote mbili. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa nyaya, na 30.6 kwa kufunguliwa fuvu na kubanwa mshipa.

Sikumficha mjomba upande wa pili. Si kila puto hufaa kwa nyaya, umbo lake na mahali lilipo ndivyo huamua. Nyaya zaweza kusongamana, hivyo mgonjwa hurudi kupigwa picha, na pengine kutibiwa tena. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwambie binti yetu asitungoje.”

Mama amerudi Majengo. Kope la jicho la kushoto linalegea, na majina ya wajukuu humponyoka. Binti ameniuliza kama usiku ule mmoja ndio uliogharimu hayo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo, wazazi wangu, kichwa kinachofikia ukali wake wote kwa dakika moja, ambacho mtu hajapata kukiona mfano wake, msikipe aspirini wala msikilaze mpaka asubuhi. Tafuteni gari, mkaombe skani. Dua haizuii gari kwenda: msomeeni mgonjwa njiani. Pimeni presha zenu, na jina la kila mtu wa nyumbani lisajiliwe mapema na Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ili hesabu ya fedha isiwe sababu nyengine ya kungoja.

Wabillahi tawfiq.