Injini imekufa? Nani kaipima?

Kuna sentensi moja imewaingiza Watanzania wengi kwenye madeni, na wala haijatoka bungeni. Inatoka chini ya mwembe, kwa mtu aliyeshika spana: "Mzee, hii mashine imekufa. Tafuta nyingine tu."

Mwezi uliopita aliyeambiwa hivyo ni baba yangu mzazi, kule Morogoro.

Mzee ni mwalimu mstaafu. Ana pikapu, Toyota Hilux ya mwaka 1994, injini ya dizeli aina ya 2L. Gari hilo limeshusha kabichi, karoti na viazi kutoka Mgeta hadi sokoni mjini kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya ada yangu ya chuo kikuu ilitoka kwenye bodi lake. Sasa likawa linasumbua kuwaka asubuhi, linatoa moshi mweupe, na likipanda mlima na mzigo linachemsha. Fundi alilisikiliza dakika tano, akakanyaga mafuta mara mbili, akachungulia mapovu kwenye rejeta, akatoa hukumu. Kuna injini ya mtumba aina ya 3L ameiona kwa rafiki yake Dar es Salaam, shilingi milioni tatu na nusu, bado hela ya kufunga. Mzee akaanza mazungumzo na jirani amuuzie kipande cha shamba.

Akanipigia simu: "Baba, fundi kashasema. Mimi nifanyeje?"

Jamani, mimi kazi yangu ni gazeti, sio gereji. Lakini gazetini ukileta habari kwamba fulani amekufa, mhariri anakuuliza: nani kasema? Nani kathibitisha? Ukijibu "nimesikia mlio" unatimuliwa na karatasi zako. Nikamuuliza Mzee swali hilo hilo: nani kaipima? Kimya.

Jumamosi nikapanda basi. Tukamtafuta fundi mwingine, mtu mzima, mwenye geji ya kupimia kompresheni. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda, kwa 2L ni takriban mara 22, inapata joto kali, dizeli ikipulizwa humo inawaka yenyewe. Kwa hiyo silinda ikivuja hewa, gari haliwaki vizuri. Ndiyo maana unapima. Fundi akafungua hita plagi zote nne, akafunga geji kwenye tundu moja baada ya jingine, Mzee akawa anapiga stata.

Silinda ya kwanza nzuri. Ya nne nzuri. Ya pili na ya tatu ziko chini, tena kwa kiasi kinacholingana.

Fundi akacheka. "Mwalimu, silinda mbili za jirani haziugui siku moja kwa bahati mbaya. Ukuta kati yao umetoboka." Maana yake gasketi ya silinda hedi imeungua hapo katikati, na kwa mapovu yale imeachia hata upande wa maji. Hedi ikashushwa. Akaweka rula ya chuma juu yake: imepinda kidogo, haina ufa. Kuta za silinda ziko salama, pistoni ziko salama. Kisha akafungua pale panapokaa thamostati akatuita tuje tuone. Hamna kitu. Patupu.

Miaka kadhaa nyuma fundi mmoja aliitoa akaitupa, eti "nchi ya joto haihitaji thamostati". Wadau, huu ni ugonjwa wa kitaifa. Kwenye injini nyingi thamostati ina vali mbili: ikifungua njia ya kwenda kwenye rejeta, inafunga ile njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Ongeza maji ya bomba badala ya kulanti, yanayoleta kutu, na kutu inayoziba rejeta. Halafu mpakie kabichi apande Mgeta. Injini ya Mzee haikufa kwa uzee. Ilipikwa.

Sasa fikiri. Tungeuza shamba, tukanunua ile 3L, tungeifunga wapi? Nyuma ya rejeta ile ile iliyoziba. Baada ya miezi michache nayo ingechemsha, na fundi angesema nini? "Mzee, hii nayo imekufa."

Bili yetu: gasketi, kusawazisha hedi karakana, kufungua rejeta na kuizibua, thamostati mpya, kulanti, na mkanda wa taiming tukabadilisha kabisa, maana ukikatika vali zinagongana na pistoni na hapo ndipo kifo cha kweli kinapoanzia. Pamoja na ufundi, laki nane na ushee. Shamba lipo.

Mnadhani nimekuja kuwatukana mafundi? Hapana. Nimekuja kututukana sisi wenye magari.

Yule fundi mtu mzima alidai elfu hamsini kwa kupima tu, kabla hajafungua hedi. Jirani yetu akashangaa: "Elfu hamsini kwa kuangalia?" Hapo ndipo tatizo lilipo. Tunamlipa fundi kwa kukaza nati, hatumlipi kwa kujua. Hospitali tunalipia maabara bila kelele, na hakuna anayekubali kukatwa mguu kwa sababu daktari ameusikiliza. Kwenye gari tunataka jibu la bure, basi tunapewa jibu la bure.

Na jibu la bure lina mwenyewe. Fundi asiyelipwa kwa kupima atakula wapi? Kwenye cha juu. Muuza vipuri anamkatia chake, na kadiri kipuri kilivyo kikubwa ndivyo cha juu kinavyonona. Gasketi ina cha juu cha soda. Injini nzima ina cha juu cha ada ya mtoto. Wewe ungemshauri mteja nini? Tumejenga mfumo unaomlipa fundi pale gari linapokufa, halafu tunalalamika kwamba mafundi wanaua magari.

Najua majibu yenu. "Ovahoo za siku hizi hazidumu." Kweli, nyingi hazidumu. Kwa sababu gani? Mtu anavisha pete mpya kwenye silinda iliyolika umbo la yai, anakwepa hela ya kuchonga, baada ya miezi mitatu inakula oili. Hiyo sio ovahoo, ni kumpaka maiti mafuta. "Injini ya Japani haijachoka." Nani kakwambia? Haina historia. Hujui ilitembea kilomita ngapi, hujui mkanda wake wa taiming una umri gani, hujui kama nayo ilipikwa. Na ukishaitoa getini kwa muuzaji, hairudi. Unabadilisha ugonjwa unaoweza kuupima na ugonjwa usioujua.

Sisemi usibadilishe injini kamwe. Kama mkono wa pistoni umetoboa bloku, kama bloku ina ufa, kama gharama ya kuchonga na vipuri inazidi bei ya injini nzima iliyopimwa, badilisha bila kulia. Kwa mwenye 2L, kwenda 3L sio wazimu: 2L ina cc 2,446, 3L ina 2,779, 5L ina 2,986, zote ni ukoo mmoja, na kazi ya kuzifunga ni nyepesi kuliko kuingiza mgeni wa ukoo mwingine. Lakini mpime na huyo mtumba kabla hujatoa hela. Na kumbuka kadi ya gari imeandikwa namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini nenda TRA wabadilishe na kumbukumbu, usije ukajieleza barabarani kwa nini gari lako lina moyo wa mtu mwingine.

Na msinitajie moshi kama ushahidi. Moshi ni fununu, sio habari. Mweusi mara nyingi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, pengine filta tu. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe ni dizeli isiyowaka, au maji. Pampu ya dizeli ya injini hizi inalainishwa na dizeli yenyewe, ndiyo maana waliochanganya mafuta ya taa walizimaliza pampu za watu mpaka serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011. Wangapi waliuza injini nzima wakati mgonjwa alikuwa pampu?

Nchi iliyoanzisha Nyumbu pale Kibaha mwaka 1985 ili itengeneze magari yake yenyewe, leo inashindwa kufunga geji kwenye tundu la hita plagi?

Kwa hiyo ukiambiwa mashine imekufa, uliza mambo matatu. Kompresheni ya kila silinda ni ngapi? Kilichoiua ni nini? Na hicho kilichoiua tumekiondoa, au kinaisubiri injini ijayo? Fundi akijibu, mlipe hata kama hakukaza nati moja. Akikasirika, chukua funguo zako.

Pikapu ya Mzee imerudi Mgeta. Siku moja itakufa kweli, ina zaidi ya miaka thelathini. Ikifika siku hiyo tutauza tunachoweza. Ila tutaipima kwanza.

Naomba kuwasilisha.