Damu ya mzazi ipimwe, isikisiwe: Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi mkunga, na nakuandikia kuhusu kifaa cha plastiki ambacho ningependa kukikuta kwenye kila kitanda cha kujifungulia Tanzania.

Ni shuka la plastiki linalotandikwa chini ya makalio ya mama mara mtoto anapotoka. Upande wa chini limefanywa mfuko unaoning'inia ukingoni mwa kitanda. Mfuko huo unaonyesha kilichomo ndani, na una mistari ya vipimo vya mililita. Damu inashuka humo, mkunga anasoma. Kifaa hiki hakihitaji umeme wala fundi.

Pasipo kifaa hicho tunafanya hivi. Mama amekuja na vifaa alivyoagizwa kliniki: mpira, pamba, glovu, kanga. Damu nyingine inanywewa na kanga, nyingine inachanganyika na maji ya uzazi, nyingine inachuruzika sakafuni na kupigwa deki kabla mtu wa zamu hajaiangalia vizuri. Mwishoni mkunga anatazama kilichobaki, anakisia, anaandika kwenye faili: "Damu: wastani." Uzoefu hautuokoi hapo. Jicho la mkunga wa miaka mingi hukisia pungufu sawa na la mwanafunzi, na hupungukiwa zaidi pale ambapo damu ni nyingi. Mwili wa mwanamke kijana nao unaficha. Presha yake inaweza kukaa vizuri huku damu inamtoka, naye anaongea, anauliza mtoto ana kilo ngapi, halafu presha inaporomoka ghafla, na kuanzia hapo tunakimbizana na dakika.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, kwa wanawake 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika hospitali zilizotumia mfuko wa kupimia, asilimia 93 ya waliovuja damu kupita kiasi waligundulika. Kwenye utaratibu wa zamani waligundulika asilimia 51. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya kina mama waliokuwa hatarini walikuwa mbele ya macho ya wahudumu bila kuonekana.

Kugundua peke yake hakutoshi, na hapa ndipo mazoea yetu yanapaswa kubadilika zaidi. Tulifundishwa kwenda hatua kwa hatua: sindano ya oksitosini, subiri, ukande mfuko wa uzazi, subiri, dripu, kisha ndipo umwite daktari. Utaratibu mpya unataka vyote viende pamoja, mara damu ikifika kiwango cha hatari: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, kumkagua mama kujua damu inatoka wapi, na kuita msaada. Asidi hiyo, inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, haingoji mtu. Kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10, na saa 3 zikishapita baada ya kujifungua haifai tena. Vipimo na matibabu hayo vilipounganishwa, waliofikia kupoteza lita moja ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa kuvuja damu, walikuwa asilimia 1.6, dhidi ya 4.3 kwenye utaratibu wa zamani.

Shirika la Afya Duniani liliupendekeza utaratibu huu Desemba 2023. Oktoba 2025 likaenda mbele zaidi: tusingoje mililita 500 kama tulivyozoea, bali tuchukue hatua kuanzia 300 ikiwa mapigo ya moyo au presha vimeanza kubadilika. Mheshimiwa, hakuna jicho linaloweza kutofautisha mililita 300 na 500 juu ya kanga iliyolowa. Mwongozo huo bila kifaa cha kupimia utabaki karatasi ukutani.

Sisahau yaliyofanyika. Takwimu za taifa zinaonyesha vifo vya wajawazito na wazazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022, na usafiri wa dharura wa m-mama, unaoitwa kwa namba ya simu 115, umewafikisha hospitali wengi ambao zamani wangefia njiani. Lakini 115 hupigwa na mtu aliyetambua kuwa mama anakufa. Akichelewa kutambua, gari linakuta kazi imeharibika.

Jambo moja linaniuma. Kikao cha kupitia kifo kinapokaa, swali la kwanza ni damu ilikuwa kiasi gani, na faili linajibu "wastani". Mkunga anaandikishwa barua ya maelezo, familia inarudi na mtoto asiye na mama, na kesho yake zamu inaanza na kanga ileile. Tunamhoji mtu juu ya kipimo ambacho hakupewa.

Nakuomba basi mfuko huu wa kupimia damu uwe bidhaa ya kawaida ya Bohari ya Dawa, uagizwe na kuletwa kama glovu zinavyoletwa, hadi kituo cha afya cha mwisho, usiwe wa mradi unaoondoka na wafadhili wake. Mama asiongezewe kwenye orodha ya vya kununua. Asidi ya traneksamiki iwekwe ndani ya leba, isifungiwe stoo ambayo ufunguo wake usiku uko kwa mtu aliyelala nyumbani. Oksitosini ipewe jokofu lenye umeme wa akiba, kwa kuwa inahitaji nyuzijoto 2 hadi 8. Na faili la mzazi liwe na nafasi ya kuandika mililita kwa tarakimu.

Kina mama wa Tanzania walikuwa miongoni mwa waliojifungua ndani ya utafiti wa E-MOTIVE, na dunia nzima sasa inajifunza kwao. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Naomba kifaa hiki kiwe na kasma yake kwenye bajeti ijayo ya wizara, na hotuba yako bungeni ikitaje kwa jina.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi mkunga, wodi ya wazazi