Fedha za Halmashauri Zifike Jikoni

Tarehe 8 Mei, 2024, Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia. Shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Hiyo ni shabaha ya kimapinduzi, kwa kuwa inagusa mahali ambapo mipango yetu mingi ya maendeleo ilikuwa haijafika, yaani jikoni, ambako mama wa Kitanzania anatumia sehemu kubwa ya siku yake katika moshi.

Lakini shabaha njema haijitimizi yenyewe. Mitungi ya gesi imegawiwa, hotuba zimetolewa, picha zimepigwa. Mwananchi akishaufikisha mtungi nyumbani, gesi humwishia baada ya wiki chache. Fedha ya kuujaza kwa mkupuo mmoja hana, ila ya kununua kopo la mkaa anayo. Basi mtungi huwekwa pembeni, na jiko la bati hurudi mahali pake. Wako wanaosema kwamba mwananchi huyo ni mkaidi. Sisi tunasema hapana. Mwananchi huyo amepewa chombo bila kupewa elimu ya kukitumia, na bila kufuatwa na mtu yeyote wa kumuuliza amekwama wapi.

Hasara ya hali hiyo ni kubwa. Taarifa za Serikali zinaonyesha kwamba nchi hupoteza hekta zipatazo 469,000 za misitu kila mwaka, na kwamba watu wapatao 33,000 hufa kila mwaka kwa maradhi yatokanayo na moshi wa kupikia. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2009 ulikadiria kwamba taifa letu lilikuwa likitumia mkaa tani milioni moja hivi kwa mwaka, na nusu yake iliteketea katika jiji la Dar es Salaam peke yake. Kwa tanuri zetu za udongo, tani moja ya mkaa hula tani sita na kuendelea za kuni. Kwa hiyo anayewasha jiko Manzese au Mbagala, bila kujua, ameshika shoka kule Kisarawe, Rufiji na Kilosa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo mlangoni mwa jiji, ni ushahidi ambao kila mwenye macho anaweza kwenda kuutazama.

Dawa ya ugonjwa huu ilikwisha kujaribiwa kwa njia mbili, na historia imetupa jibu. Mwanzoni mwa mwaka 2006, wakati wa ukame, Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Bei ilipanda ghafla, wananchi wa mijini wakataabika, na haukupita muda mrefu kabla amri hiyo haijalegezwa. Haikuwa amri mbaya kwa nia, ila mwananchi alikatazwa kabla ya kuonyeshwa njia nyingine. Kinyume chake, mwaka 1973 taifa liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilizungumza, vitabu vilichapwa, na viongozi wa vikundi walifundishwa kwanza, kisha watu wazima wapatao milioni mbili wakakaa katika vikundi wakisoma, wakijadiliana na kuamua. Vyoo vilichimbwa kwa wingi kwa sababu wachimbaji walikuwa wamekwisha kuelewa kwa nini wanachimba.

Leo kazi ya namna hiyo katika mambo ya nishati inafanywa zaidi na mashirika ya hiari yasiyotafuta faida. Mfano ni TaTEDO, lililoanzishwa mwaka 1990, ambalo limefundisha mafundi kutengeneza majiko banifu na kuwaelimisha wananchi juu ya nishati bora. Viko pia vikundi vidogo katika kata zetu, vingi vyao vya akina mama, vinavyofanya kazi hiyo kwa moyo. Kazi yao haina fahari. Ni kumwonyesha mama kwamba jiko lenye kauri ya udongo ndani yake linaweza kumpunguzia mkaa kwa theluthi moja au zaidi. Ni kumfundisha kuloweka maharage, kufunika sufuria na kuzima moto chakula kikiiva. Ni kumthibitishia, kwa kupika mbele yake, kwamba sufuria ya maharage makavu huweza kuiva katika jiko la presha la umeme kwa umeme usiofika uniti moja. Taifa limejenga Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Umeme huo utamfaa nini mama anayeogopa kupikia, kwa kuamini kwamba utamaliza LUKU yake kwa siku moja?

Jambo la kusikitisha ni kwamba mashirika mengi ya aina hii huishi kwa fedha za wafadhili wa nje. Mradi ukiwapo, walimu wapo. Mradi ukimalizika, ofisi hufungwa, na mafundi waliofunzwa hutawanyika kutafuta riziki kwingine. Taifa lililotangaza kujitegemea mwaka 1967 haliwezi kuridhika kuona elimu ya jiko la raia wake ikiwashwa na kuzimwa kwa ratiba ya mgeni. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ndiyo maana tunasema kwamba wakati umefika kwa halmashauri za miji, manispaa na majiji kutenga fedha zao wenyewe kwa ajili ya kazi hii. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 ili wananchi wajiamulie mambo yanayowagusa, na hakuna linalowagusa kila siku kuliko moto wa kupikia.

Wako watakaojibu kwamba fedha hizo zipo tayari katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria, tangu mwaka 2018, inaielekeza kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Jibu hilo linachanganya mambo mawili. Asilimia 10 ni mkopo. Unamfaa fundi wa majiko, kwa sababu fundi atauza majiko na kurejesha. Lakini anayekwenda nyumba kwa nyumba kufundisha hauzi kitu. Faida ya kazi yake inabaki mfukoni mwa mwananchi na katika msitu uliosalimika. Huyo hawezi kudaiwa marejesho. Anahitaji ruzuku, na ruzuku inahitaji fungu lake katika bajeti.

Wengine watauliza, na wana haki ya kuuliza, kama fedha hizo hazitaliwa. Hatuna haja ya kuficha kwamba mwaka 2023 mikopo ile ya asilimia 10 ilisimamishwa, baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, na kwamba ilibidi utaratibu utengenezwe upya kabla ya kurejeshwa mwaka 2024. Fundisho la jambo hilo ni kwamba fedha ya umma isitoke bila masharti. Ruzuku tunayoitetea itolewe kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Shirika lioneshe orodha ya kaya lilizozifundisha, na orodha hiyo ibandikwe katika ofisi ya kata ili jirani amkague jirani. Hesabu ya mafanikio isiwe idadi ya semina au posho zilizolipwa, bali kilo za mkaa ambazo kaya hizo zimeacha kununua. Sehemu ya mwisho ya malipo isitolewe mpaka miezi sita ipite, na ithibitike kwamba majiko bado yanatumika.

Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Kata yenye kaya 5,000, kila kaya ikitumia kilo 45 za mkaa kwa mwezi na kufanikiwa kuokoa theluthi moja, itaokoa tani 75 kwa mwezi, yaani tani 900 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya tani 5,000 za kuni zilizobaki zimesimama msituni, na fedha iliyobaki nyumbani kununulia madaftari. Haba na haba hujaza kibaba.

Tunafahamu kwamba halmashauri zina mzigo. Madawati yanahitajika, zahanati zinahitaji dawa, barabara zinahitaji mitaro. Lakini diwani anayeona fedha ya uzinduzi wenye mahema, viti na muziki, kisha akakosa fedha ya mwalimu wa kuwafuata wananchi baada ya uzinduzi, hajakosa fedha. Amekosa mpango.

Kwa sababu hiyo tunawageukia watumishi wa umma na walimu. Afisa maendeleo ya jamii anazijua kaya za kata yake. Bwana afya anaujua moshi na madhara yake. Mweka hazina anajua ni fungu gani linaloliwa na safari zisizo za lazima. Mwalimu, ambaye shule yake inapikia wanafunzi kwa mamia, anaweza kuligeuza jiko la shule kuwa darasa la kata nzima. Nao mabalozi wa mashina wa Chama wana wajibu wa kuwaambia viongozi ukweli kuhusu mitungi iliyowekwa pembeni, hata kama ukweli huo haupendezi katika taarifa.

Mabaraza ya madiwani yatakapokaa kupanga bajeti, tunatazamia kuliona fungu hilo limeandikwa, likiwa na tarakimu mbele yake. Chama hakiwezi kuhesabu ushindi kwa mitungi iliyogawiwa. Kitauhesabu kwa kumkuta mama wa Kitanzania jikoni kwake, akipika bila kukohoa.