Mbwa Aliyepasuliwa Mgongo

Yatajwapo matibabu ya mbwa katika visiwa vyetu, aghalabu watu hucheka. Cheko hilo hatulishangai, maana mahitaji ya binadamu mwenyewe bado ni mengi. Hata hivyo, leo tunawaomba wasomaji wetu, na khasa wakuu wa idara za mifugo na za usalama, watuvumilie kidogo, kwani jambo lenyewe linahusu kazi ya umma na fedha za umma.

Jeshi la Polisi la nchi yetu lina kikosi cha mbwa na farasi. Mbwa wa kunusa hafundishwi kwa siku moja; huchukua miezi, tena pamoja na askari wake, hata wakawa wanaelewana kwa ishara tu. Miongoni mwa mbwa wanaopendelewa kwa kazi hiyo duniani ni German Shepherd, na madaktari wa wanyama wanamjua mbwa huyu kwa udhaifu wa mgongo, khasa pale uti unapokutana na nyonga.

Baina ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini vinavyopokea mishindo. Kisahani kikichakaa, kiini chake huweza kutoka na kuubana ugwe unaopeleka amri za ubongo miguuni. Mtaalamu wa Sweden, Hansen, alipambanua mwaka 1952 namna mbili za maradhi haya. Moja huja kwa ghafla, nayo huwapata zaidi mbwa wenye miguu mifupi kama Dachshund. Ya pili huja polepole, kwa mbwa wakubwa waliokwisha kupevuka. Daktari hupasua, akaondoa sehemu ya mfupa na kutoa kile kilichobana. Mbwa aliyepooza kwa namna ile ya ghafla, lakini bado anahisi maumivu abinywapo kidole kwa nguvu, ana matumaini makubwa: zaidi ya tisa katika kumi hurudi kutembea. Asiyehisi kitu, matumaini yake ni kama nusu kwa nusu.

Upasuaji huu ni kazi ya wataalamu wachache wenye vyombo vya kupigia picha za ndani ya mwili. Basi na tuseme mbwa wa kazi amevushwa bahari, amepasuliwa, amerudishwa. Anarudi mikononi mwa nani?

Hapo ndipo penye shauri letu. Mbwa huyo hawezi kusimama. Asipogeuzwa kila baada ya saa chache atatoka vidonda vya kulalia. Pengine hawezi kukojoa, na kibofu chake hakina budi kukamuliwa kwa mkono mara tatu au nne kwa siku. Asiyefundishwa huweza kumdhuru, na asiyekamua kabisa atamletea maradhi ya mkojo. Miguu yake yataka kukunjwa na kunyooshwa taratibu ili viungo visikakamae na nyama zisisinyae. Kisha huja kusimamishwa kwa kupitishiwa kitambaa chini ya tumbo, hatua mbili tatu juu ya ardhi isiyoteleza, na kurudishwa tunduni kupumzika. Haya huendelea kwa wiki nne hadi sita, na haruhusiwi kuruka wala kupanda ngazi.

Wapo watakaosema kwamba tiba ya viungo ni anasa ya nchi tajiri, yenye mashine za kutembezea mbwa ndani ya maji ya uvuguvugu. Mashine hizo zipo, na hatuzidharau. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwalinganisha mbwa 30 waliopasuliwa hali wangali na hisia: baadhi walipewa mazoezi mengi ya kitaalamu, na wengine yale ya msingi tu. Mazoezi mengi hayakuwadhuru, wala hayakuwawahisha kutembea kuliko wenzao. Kwa nchi isiyo na mashine, habari hiyo ni njema sana. Kinachotakiwa ni mikono iliyofundishwa, kitambaa, godoro kavu na subira.

Wala mafunzo hayo hayatakuwa ya mbwa wa polisi pekee. Wasasi wa Unguja wanaowinda nguruwe mwitu waharibuo mihogo nao wana mbwa, na mbwa huumia. Hata yule ambaye maradhi hayakumlemaza na hakupasuliwa, dawa yake ya kwanza ni kutulizwa tunduni kwa wiki zisizopungua nne. Ni wangapi wanaolijua hilo?

Wengine wataona uzito kumshika mbwa. Dini imemruhusu mbwa wa uwindaji na wa ulinzi, na twahara ina taratibu zake zinazojulikana na kila mtoto wa chuoni. Mipira ya mikono nayo ipo.

Tunaishauri Serikali ianze na watu wachache: maofisa mifugo wawili wa Unguja na wawili wa Pemba, pamoja na askari wanaotunza mbwa. Chuo Kikuu cha Sokoine kilichopo Morogoro kinafundisha madaktari wa mifugo. Kiombwe kutoa mafunzo hayo. Skuli ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Taifa, iliyopo Kizimbani, iyaendeleze. Na katika makisio yajayo, kila mbwa wa kazi anaponunuliwa, gharama ya kumuuguza iandikwe pamoja na bei yake.