Vishikwambi Havitunzwi kwa Kufuli

Kuna dhana iliyokita mizizi katika shule zetu kwamba chombo kilichofungiwa stoo ndicho kilichotunzwa. Mimi, niliyeshika chaki kwa miaka mingi, siikubali dhana hiyo, na hasa siikubali ninapofikiria shule za Kibera na Kawangware hapa Nairobi, ambako mtoto hana mahali pengine pa kujifunzia matumizi ya tarakilishi ila shuleni.

Msomaji atakumbuka kwamba katika kampeni za mwaka 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Ahadi hiyo ilikwama kwenye zabuni na mahakamani, na ilipoanza kutimizwa mwaka 2016, vipakatalishi vya wanafunzi vilikuwa vimegeuka kuwa vishikwambi. Kazi ilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kikishirikiana na Positivo BGH. Zaidi ya vifaa milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Je, ni watoto wangapi waliovishika hadi vidole vikavizoea? Imeripotiwa mara nyingi kwamba katika shule kadha wa kadha, vifaa hivyo viliishia kabatini, nyuma ya mlango wa chuma, vikipigwa na vumbi.

Simlaumu mwalimu mkuu. Kishikwambi kikiibwa, yeye ndiye anayeitwa kuandika maelezo polisi na kujieleza kwa wakubwa wake. Kikioza kabatini, hakuna amwulizaye neno. Katika hali kama hiyo, ni nani asiyechagua kufuli? Wala hofu ya wezi si ya kubuni. Mtaa wenye msongamano wa watu na uhaba wa kazi una majaribu yake. Lakini kufuli humzuia mwizi tu. Halimzuii adui wa pili, ambaye ni wakati.

Betri za vyombo hivi ni za lithiamu. Ikiachwa tupu kwa miezi, betri ya namna hiyo hushuka nguvu kupita kiasi, na mara nyingi haikubali tena kuchajiwa. Joto nalo huizeesha upesi, na sote tunajua joto la chumba kilichoezekwa mabati wakati wa jua la Februari. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, wanafunzi wengi hawakurejea hadi Januari 2021. Watoto wa Kibera walikaa nyumbani bila masomo, na vishikwambi vikakaa shuleni bila watoto. Kifaa kilichofungiwa kikiwa hakina chaji muda wote huo kilikuwa katika hatari kubwa kuliko kile ambacho kingeshikwa kila siku na mtoto wa miaka saba.

Nimewasikia wenzangu wakidai kwamba watoto wa mitaa hii hawajui kutunza. Dai hilo linanikera. Ingia katika chumba cha futi kumi kwa kumi pale Gatwekera au Kangemi, uone simu ya mama inavyotunzwa. Ndani yake mna M-Pesa, mna namba za wateja wa mboga, mna ujumbe wa mwalimu. Haiwekwi karibu na jiko wala ndoo ya maji, na mtoto anayeruhusiwa kuishika huishika kama yai. Mtoto huyo tayari ana adabu ya chombo. Aliyokosa ni nafasi ya kuonyesha adabu hiyo shuleni.

Basi apewe jukumu. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kishikwambi kiwe na namba, na kila namba iwe na majina ya watoto wawili au watatu, kwa maana katika madarasa yaliyofurika tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 2003, kimoja kwa kila mtoto ni ndoto. Wenye namba wakikague kabla ya somo na baada ya somo, na kiranja aandike: kioo kizima, kifuniko kizima, chaji kiasi gani. Mikono inawe kwanza kwenye kibuyu chirizi na ikaushwe. Pale ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, kikombe kimoja chatosha watoto kadhaa. Skrini ifutwe kwa kitambaa kikavu, si kwa pindo la sketi lililotoka kwenye matope.

Na kikivunjika? Kitavunjika, mwalimu mwenzangu, kama madawati yavunjikavyo na vitabu vichanikavyo. Muda wa dhamana ukiwa umekwisha, tusisahau kwamba kuanzia soko la Toi hadi kituo cha 46 Kawangware kuna vijana wanaobadilisha vioo na betri za simu kutwa kucha. Wizara ingeruhusu shule kutenga fedha kidogo za matengenezo na kumwita fundi anayejulikana mtaani, akafanyia kazi yake mbele ya wanafunzi wa madarasa ya juu, tungepata chombo kizima na somo juu yake. Ila wizara hiyo sharti itofautishe katika fomu zake chombo kilichoibwa na chombo kilichochakaa kazini. Mwalimu mkuu asijibu mashtaka ya aina moja kwa yote mawili.

Kwa sasa, lipo jambo lisilohitaji waraka wa wizara. Wiki ya mwisho ya muhula, kabla ya kufunga, wanafunzi wavitoe vishikwambi vyote, wavihesabu kwa daftari, wavichaji hadi kiasi cha nusu, wavizime na kuvipanga penye kivuli na hewa. Katikati ya likizo, mwalimu wa zamu afungue kabati avikague tena. Na shule ikifunguliwa, vitoke siku ya kwanza, pamoja na chaki.