Marufuku ya sidiria za mitumba ni sawa, lakini je, mpya zinatutosha?

Kila maofisa wa viwango wanapokamata marobota ya nguo za ndani za mitumba, mjadala hurudi palepale. Mamlaka zinasema nguo hizo ni hatari kwa afya. Wafanyabiashara wanajibu kuwa wateja ndio wanaozitaka. Swali lisiloulizwa ni hili: kwa nini mwanamke anayejua kuwa sidiria hiyo imeshavaliwa na mtu mwingine, tena imepigwa marufuku, bado anaifuata?

Jibu la haraka ni bei, lakini si bei peke yake. Kwenye robota la mitumba kuna saizi ambazo dukani hazipo. Ukipita kwenye meza nyingi za sidiria mpya utakutana na namba 34, 36 na 38, na mara nyingi herufi ya kikombe haijaandikwa kabisa. Mwanamke mwenye mwili mwembamba na matiti makubwa, au mwenye kifua kipana na matiti madogo, hapo hana chake.

Marufuku yenyewe ina msingi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) haliruhusu nguo za ndani zilizokwisha kutumika kuingizwa wala kuuzwa nchini, na Kenya nayo ina katazo kama hilo. Nguo ya ndani hugusa ngozi moja kwa moja, hunyonya jasho na inaweza kubeba fangasi au vimelea vya upele. Kuna na jambo la pili ambalo maji ya moto hayaliondoi: mpira uliokwisha kulegea haurudi, na sidiria iliyolegea haishikilii kitu.

Hata hivyo, kuondoa sidiria mbaya sokoni si sawa na kumpatia mwanamke sidiria inayomfaa. Hili si tatizo letu peke yetu. Mwaka 2008 watafiti nchini Australia walichapisha utafiti mdogo wa wasichana 30 wenye umri wa miaka 18 hadi 26. Asilimia 80 kati yao walikuwa wamevaa saizi isiyo yao, wengi wao ndogo kuliko inavyotakiwa. Ikiwa hali ni hiyo kwenye nchi yenye maduka ya kupimia, vipi huku ambako wengi hununua kwa kukadiria kwa macho, barabarani, juu ya nguo?

Madhara yake ni ya kila siku. Mikanda inayobeba uzito wote huchimba mabega. Waya uliokaa juu ya titi badala ya kulizunguka huchubua. Jasho linalobaki chini ya matiti huleta vipele na fangasi. Kwa mama anayenyonyesha, sidiria inayobana inaweza kuzuia maziwa kutoka vizuri, titi likavimba, likauma na hata kupata maambukizi. Kwa wasichana, gharama ni nyingine. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha wanafunzi wa kike zaidi ya 2,000, ulionyesha kuwa karibu nusu yao walisema matiti yanaathiri ushiriki wao katika michezo. Mwalimu anayemwona binti amekaa pembeni wakati wenzake wanacheza netiboli asiharakishe kumwita mvivu.

Tuondoe na hofu moja. Sidiria, iwe na waya au isiwe nao, haisababishi saratani ya matiti. Uvumi huo ulipata nguvu baada ya kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1995, lakini utafiti uliofanyika Seattle na kuchapishwa mwaka 2014 haukuona uhusiano wowote kati ya uvaaji wa sidiria na saratani hiyo kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Uvumi huu una hasara yake: unamfanya mtu aogope waya na kupuuza uvimbe. Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti katika nchi zetu hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Kujipima hakuhitaji mtaalamu. Chukua tepu ya fundi cherehani. Kwanza, izungushe chini kabisa ya matiti, ikae sawa hadi mgongoni, iwe imekaza kidogo. Tuseme umepata inchi 34. Hiyo ndiyo namba yako. Ukipata namba isiyogawanyika kwa mbili, anza kujaribu na inayofuata juu yake. Pili, pima pale matiti yalipojaa zaidi, bila kubana. Tuseme ni inchi 37. Tofauti ni inchi 3. Inchi 1 ni kikombe A, inchi 2 ni B, inchi 3 ni C, inchi 4 ni D. Wewe ni 34C.

Usishtuke ukikuta lebo yenye namba 75 au 90. Kinachoandikwa 34 Uingereza na Marekani huandikwa 75 katika nchi nyingi za Ulaya, na 90 Ufaransa. Kama 34C haipo, 36B ina kikombe chenye ujazo uleule, ila mkanda wake wa chini ni mrefu zaidi, hivyo itashikilia kidogo.

Vipimo ni mahali pa kuanzia tu. Mwili ndio unaotoa jibu la mwisho. Mkanda wa chini ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo usipande mgongoni, ukipanda, umelegea. Vidole viwili vipite chini yake, visizidi. Titi lisimwagike juu wala pembeni, na kitambaa kisibaki na makunyanzi. Sidiria mpya ifunge kwenye kulabu ya nje kabisa, ili mpira ukilegea uhamie za ndani. Pima tena baada ya kujifungua, ukiacha kunyonyesha, au uzito ukibadilika.

Upande wa sokoni, kazi bado ipo. Mamlaka zinazokagua nguo za ndani za mitumba zinaweza pia kudai kila sidiria mpya iwe na lebo yenye namba na herufi. Wafanyabiashara wanaweza kuagiza saizi nyingi zaidi na kutenga kona yenye pazia ya kujaribia. Bila hayo, marufuku itaendelea kukimbizana na robota lilelile, kwa sababu mahitaji hayajaondoka.

Na unapojipima, yaangalie matiti yenyewe. Ukiona uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea au iliyobadilika kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, au majimaji yenye damu, usibadilishe sidiria na kusubiri. Nenda kituo cha afya wiki hiyohiyo.